Maneno ya Kumtafuta Babu

Siku ya tisa tangu blogu ifunguliwe, kaunta iliyo chini ya ukurasa ilionesha wageni arobaini na mmoja. Mama Pacha aliacha kuchapa wasia wa mzee aliyekuwa amekaa mbele yake, akatabasamu.

"Kuna kosa?" mwenye wasia akauliza.

"Hapana, mzee. Nimeona kitu cha heri tu. Tuendelee. Shamba la chini umempa nani?"

Alikuwa mpiga chapa katika duka la kutoa kopi, lenye kompyuta mbili, mashine moja inayotafuna karatasi, na kibao ukutani kinachowakumbusha wateja kwamba chaji ya simu si bure. Kutwa nzima alichapa mambo ya watu: barua za kuomba kazi, mikataba ya pango, risala za harusi, wasia. Blogu aliifungua wakati wa mapumziko ya mchana, kwenye kompyuta ya pembeni ambayo herufi M ilikuwa imefutika kwa kupigwa sana. Kabla ya hapo familia ilikuwa imebandika matangazo kwenye nguzo za umeme, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na uso wa Babu ukabaki doa la wino.

Babu alikuwa baba mkwe wake. Jina hilo alilipata kwa pacha wa Mama Pacha, wajukuu zake, na nyumba nzima ikalifuata. Alikuwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, si kidogo kidogo kama wazee wengine, bali nyingi kwa mpigo, kama mtu anayehama nyumba. Jumamosi moja asubuhi alitoka kwa miguu yake mwenyewe, na sasa ilikuwa wiki ya tatu hajarudi.

Mwenye wasia alipoondoka, aliingia mwanachuo mmoja, msichana wa miwani minene, kuchukua utafiti wake uliokuwa umechapwa na kufungwa jalada. Alikuwa anasomea mambo ya kompyuta. Mama Pacha hakuweza kujizuia, akamgeuzia kioo.

"Hebu ona, mwanangu. Wageni arobaini na mmoja, na hata wiki mbili hazijaisha."

Mwanachuo aliinama, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya blauzi, ingawa haikuwa chafu.

"Mama, hawa ni wewe."

"Mimi vipi?"

"Kompyuta hii imeufungua ukurasa mara ishirini na sita. Simu moja imeufungua mara kumi na tano. Hiyo simu si yako?" Akavaa miwani yake tena. "Sasa mmekuwa arobaini na wawili, kwa sababu nimefungua na mimi."

Mama Pacha aliona haya, haya ya mtu aliyekutwa akijisifia mbele ya kioo. Alishika kipanya cha kompyuta akakisogeza bila sababu. Mwanachuo akavuta kiti, na kwa hilo tu Mama Pacha angempa kopi bure mwaka mzima, kama duka lingekuwa lake.

"Injini ya kutafutia haijui kama una shida," mwanachuo alisema. "Inapita kama msoma mita. Inaingia, inaandika ilichokiona, inaondoka. Mtu akija kuuliza neno, inampa kurasa zenye neno lile. Kama neno halipo, hata ukurasa uwe umeandikwa kwa machozi, haumpi. Hebu tusome."

Alisoma kwa sauti. "'Taarifa ya Familia Kuhusu Mzazi Wetu Mpendwa. Familia inapenda kuwaarifu ndugu, jamaa na marafiki kwamba mzazi wetu mpendwa, mtumishi mstaafu wa umma, kwa sasa hayupo nyumbani, na inaomba ushirikiano wenu wa dhati.' Nani ameandika hivi?"

"Mume wangu. Ni karani wa mahakama."

"Inaonekana." Mwanachuo alikuna kichwa. "Mama, humu hamna neno 'amepotea'. Nikisoma mimi naona kama mzee kaenda kusalimia watu. Na picha hii ni ya lini?"

Picha ilimwonesha mwanamume wa miaka arobaini, mwenye kofia ya kazi, vifungo vinavyong'aa na masharubu yaliyochanwa. Mama Pacha alisema ni ya zamani kidogo.

"Sasa fikiria mtu ameokota mzee barabarani."

"Amempata," Mama Pacha alisahihisha.

"Amempata. Samahani. Hamjui jina. Hajui kama ni mzazi wa mtu, wala kama anapendwa. Atamwona anafanya nini? Atamsikia akisema nini? Hayo ndiyo atakayoyaandika kwenye simu yake."

Mama Pacha hakuhitaji kufikiri. Babu alikuwa mkagua tiketi wa treni kwa miaka thelathini na mmoja, na kila kitu kilipomtoka kichwani, kazi ndiyo iliyobaki. Alikuwa anaingia sebuleni, ananyoosha mkono, anasema, "Tiketi." Ukimpa karatasi yoyote, risiti au ganda la pipi, aliitoboa kwa ukucha wa kidole gumba, akakurudishia na kukwambia, "Safari njema." Ukikosa karatasi, alikushika mkono wa shati kwa heshima zote na kukwambia utashuka kituo kinachofuata. Kwa siku moja hilo lilitokea hata mara ishirini. Pacha walipokuwa hawajaenda shule ya bweni, walijaza mifuko vipande vya daftari kwa ajili yake.

"Anadai tiketi," alisema polepole.

"Basi liandike hilo. Hilo ndilo jina lake huko aliko." Mwanachuo alisimama, akakumbatia utafiti wake. "Mficha uchi hazai, mama."

* * *

Nyumbani, maneno hayo aliyafikisha baada ya kula, alipokwisha kutoa vyombo, maana jambo zito halisemwi mbele ya sahani. Mezani walikuwa watatu: yeye, mumewe Karani, na dada mkubwa wa mumewe, ambaye tangu Babu atoweke alikuwa amehamia hapo na sanduku lake ili kusaidia. Msaada wake mkubwa ulikuwa kukaa kiti kinachotazama mlango na kulitazama komeo.

Lile komeo la juu ndilo lililowaweka hivyo. Lilikuwa limepigiliwa juu kabisa ya mlango, mahali ambapo Babu hafiki. Jumamosi ile Mama Pacha alikuwa uani anaanika nguo, Karani alitoka mara moja kununua gazeti, na aliporudi mlango ulikuwa wazi. Nani alilisahau komeo, hakuna aliyejua. Lakini lawama hutafuta mahali pa kukaa, na ikaona pa kukaa ni kwa mke.

"Nani kasema tubadilishe?" Karani aliuliza.

"Mwanachuo mmoja. Nilimchapia utafiti wake."

"Anasomea nini?"

"Mambo ya kompyuta."

"Mambo ya kompyuta," Karani alirudia taratibu, kama hakimu mbele ya shahidi asiyemwamini. "Anataka tuandikeje?"

"Tuandike kwamba Baba amepotea."

"Anayepotea ni mbuzi. Mzee ametoka."

"Ametoka wiki tatu, Baba Pacha."

"Endelea."

"Tuandike kwamba amesahau jina lake. Tuandike kwamba anadai watu tiketi. Na tubadilishe picha, tuweke ile niliyompiga juzijuzi, amekaa kwenye kiti cha nje."

"Ile ya mdomo wazi?"

"Ndivyo alivyo sasa."

Wifi Mkubwa aligeuza shingo kutoka kwenye komeo. "Wifi, kwani baba yetu ni wa sarakasi? Aibu ya nyumba haianikwi. Mtu aliyemwachia mlango wazi, leo anataka kuitoa nje na heshima yake ikamfuate."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye karo, tone moja moja, na Karani alinyanyuka kwenda kulikaza bomba ambalo siku zote lilikuwa bovu na siku zote alikuwa hajali. Aliporudi alikaa upande wa mkewe.

Si kwamba hakumpenda baba yake. Ukweli ni kwamba alimpenda mpaka akawa hana akili. Mwaka uliotangulia, Karani alipopandishwa cheo, Hakimu mwenyewe alikuja nyumbani kumpongeza, na Babu akamdai tiketi. Hakimu alijipapasa mifuko huku anacheka, hakuwa na hata kijikaratasi, na Babu akamwinua kwenye kochi kwa mkono wa koti na kumsindikiza hadi mlangoni. Hakimu alicheka hadi kizingitini, hapo akaacha kucheka. Wiki iliyofuata, Karani alikuwa anapita kwenye korido ya mahakama na majalada yake, sauti moja ikasema nyuma yake, "Tiketi," na korido nzima ikaangua kicheko. Alijua ni watu gani. Bado alikuwa anawasalimia kila asubuhi.

"Mtandao hausahau, Mama Pacha," alisema kwa upole. "Mzee atarudi. Akisharudi, maneno hayo yatabaki pale pale. Kesho pacha wataandika jina la babu yao na watakuta mzee aliyerukwa na akili anadai watu tiketi. Heshima yake nitamrudishia kwa njia gani? Miaka thelathini na mmoja hakuna abiria aliyemcheka yule mtu."

"Lakini atarudi vipi kama hakuna anayejua tunamtafuta?"

"Tumeandika, na tumeandika kwa adabu. Wenye akili wataelewa."

Mke wa mwana hana sauti juu ya heshima ya baba mkwe, hasa akiwa ndiye anayedhaniwa kuliacha komeo. Mama Pacha aliiona hoja ya mumewe kuwa ni ya mapenzi, na ndiyo maana hakupata pa kuishikia. Alisema, "Sawa," akaenda kuosha vyombo, akalia kidogo juu ya karo kwa hasira, akajifuta kwa kiwiko.

Karani hakuwa mvivu katika kumtafuta baba yake, hilo lisemwe. Kila Ijumaa alipitia kituo cha polisi akiwa amevaa tai. Askari wa kaunta alimuuliza kama mzee ana alama au tabia ya kumtambulisha. Karani alisema hana. Askari akaandika, "Hana."

* * *

Kwa kuwa maneno yamekatazwa, Mama Pacha alijaribu njia nyingine. Alituma kiungo cha blogu kwenye makundi yote ya simu aliyokuwamo: la mtaa, la wazazi wa shule, la upatu, la waliosoma pamoja. Walimrudishia vidole gumba na mikono iliyofumbatana. Mmoja aliuliza kama kuna mchango. Mwingine akatuma, "Hongera sana," na kufuta.

Aliandika kurasa nyingine kumi, maana alisikia injini inapenda blogu yenye uhai. Akaandika juu ya kutunza wazee, juu ya usafi, juu ya lishe ya uzeeni, mambo aliyoyaokoteza huku na kule, na mwishoni mwa kila ukurasa akaweka kiungo cha kurudi kwa mzazi wetu mpendwa. Karani alizipitia zote na kalamu nyekundu. Palipoandikwa "kikojozi" aliweka "changamoto za haja".

Ndipo akatokea mtu mtandaoni aliyejiita Bingwa wa Ukurasa wa Kwanza. Bingwa alimwandikia kwa ukunjufu, akamwita dada, akaapa kwamba ndani ya siku tatu blogu yake itakuwa juu kabisa. Mama Pacha alikuwa ameweka pesa ya miwani, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsumbua na Bosi wa duka alikwisha kumwambia mara mbili kwamba mpiga chapa asiyeona ni hasara. Alimtumia Bingwa pesa ya miwani.

Asubuhi ya pili kaunta ilionesha wageni elfu moja na mia tatu. Alifungua orodha na kusogeza uso karibu na kioo. Walikuwa wametoka miji asiyoweza kuitamka, wote saa tisa usiku, wote kwa dakika moja, na kila mmoja alikuwa amekaa kwenye ukurasa sekunde sifuri. Alimwandikia Bingwa kumuuliza. Bingwa alikuwa amekwisha kumfungia asimfikie tena.

Jioni Karani aliiona kaunta ile kwenye simu yake, akanyoosha mgongo kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima.

"Dada, njoo uone. Watu elfu moja na mia tatu wameisoma taarifa. Unaona, Mama Pacha? Na hatukumdhalilisha mtu."

Wifi Mkubwa alishukuru Mungu kwa sauti. Mama Pacha alimtazama mumewe anavyotabasamu kwenye mwanga wa simu, akaona hawezi kumpokonya hicho kitu. Ni huruma hiyo ambayo baadaye hakuweza kujisamehe.

* * *

Wiki ya tisa, siku ya Jumanne, Bosi alikwenda benki na duka likawa tupu. Mama Pacha alikaa kwenye kompyuta ya pembeni. Alikuwa amechoka: kukaa na adabu, kutazamiwa komeo, kuandika lishe ya uzeeni. Alifungua ukurasa mpya na akaandika kama anavyoongea, bila kusimama.

"Mzee amepotea. Tunamtafuta mzee aliyesahau jina lake. Ana miaka sabini na nane, hana meno ya mbele, ana kovu kwenye kidole gumba cha kulia. Alikuwa mkagua tiketi wa treni. Anadai watu tiketi. Akikudai tiketi, usiogope, hana fujo. Mpe karatasi yoyote, ataitoboa kwa ukucha na kukutakia safari njema. Usipompa atakushusha njiani. Usimcheke mbele yake. Anapenda kukaa dirishani. Kama unaye, tafadhali piga namba hii, saa yoyote, sisi ni watu wake."

Aliweka ile picha ya mdomo wazi. Akabonyeza, ukurasa ukatoka. Aliogopa kama aliyevunja kikombe cha wageni, na chini ya woga kulikuwa na raha ambayo hakuwa ameionja tangu Jumamosi ile.

Injini, yule msoma mita, ilipita siku ya tano. Mama Pacha aliandika kwenye sanduku la kutafutia, "mzee anadai tiketi," na kabla hajaondoa kidole, Babu alikuwa wa kwanza, juu ya kila kitu duniani, mdomo wazi. Alisema, "Baba," peke yake, mteja akageuka.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, chini ya ukurasa ule kulikuwa na maoni ya kwanza. "Naomba mnipigie. Mimi ni muuguzi. Huyu nadhani alikuwa kwetu, wodi ya wanaume." Na namba ya simu.

Hakupiga. Alimwomba Bosi ruhusa, Bosi akamwambia atamkata mshahara wa nusu siku, naye akasema kata. Alikwenda kwa miguu mpaka mahakamani na kumkuta Karani kwenye korido, amebeba majalada. Alimpa simu aisome. Karani aliisoma mara mbili, akaweka majalada juu ya benchi, akapiga, akaweka sauti kubwa ili mkewe asikie.

"Ndiyo," sauti ya mwanamke ikasema. "Ninyi ndio mlioandika ule ukurasa? Wa mzee wa tiketi?"

Watu wawili kwenye korido waligeuka. Karani alimtazama mkewe. "Ukurasa gani?"

"Ni sisi, dada," Mama Pacha alidakia. "Endelea."

"Ana kovu kwenye kidole gumba."

"Cha kulia," Karani alisema.

Muuguzi alivuta pumzi. "Poleni sana, ndugu zangu."

Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi. Mzee aliletwa na askari wa barabarani, amevunjika nyonga, mji wa tatu kutoka kwao. Jina hakujua, kwao hakujua. Kwenye kitanda waliandika Mzee Tiketi, kwa kuwa ndilo neno alilokuwa analisema. Alikaa wiki sita. Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua, na ilikuwa sasa wiki tatu. Chumba cha maiti kilimweka siku kumi na nne kwa mujibu wa sheria, kisha halmashauri ikazika.

"Mimi niko zamu Jumatatu," muuguzi alisema. "Kila Jumatatu nilikuwa natafuta kwenye simu. Naandika, 'mzee amepotea anadai tiketi.' Naandika, 'mzee mkagua tiketi amesahau jina.' Zinakuja bei za ndege. Nikajua huyu hana watu. Leo nilikuwa nafunga jalada lake, nikasema ngoja nijaribu mara ya mwisho. Nikawakuta, wa kwanza kabisa."

Yule aliyesema "Tiketi" siku ile alikuwa amesimama kando ya ngazi, anatazama viatu vyake.

"Alipata taabu?" Karani aliuliza.

"Kwa nyonga, ndiyo, siwezi kukudanganya. Lakini tulimzoea. Tuliyakata maboksi ya dawa vipande vipande, tukaviweka kwenye kopo mlangoni. Kila anayeingia wodini anachukua kimoja. Hata daktari mkuu. Anatoboa, anakutakia safari njema, analala. Hakuna aliyemcheka. Au tulicheka, lakini si kwa ubaya."

* * *

Walikwenda wawili. Wifi Mkubwa alibaki amelala kifudifudi chumbani kwa Babu, na kwa mara ya kwanza mlango wa mbele uliachwa bila mtu wa kuutazama.

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliwapa bahasha ya hospitali. Ndani kulikuwa na mkanda wa suruali na vipande vya maboksi ya dawa, vimefungwa kwa kamba ya bandeji, vingi, kila kimoja kina tundu dogo kwenye pembe. Karani alivihesabu kwa macho, akashindwa, akafunga bahasha. Walikaa kwenye benchi la nje kusubiri karatasi ya kupeleka halmashauri. Wagonjwa walikuwa wanapita na chupa zao za mkojo.

Karani alikuwa anapiga hesabu. Mkewe alimjua; midomo yake ilikuwa inacheza. Wiki ya tatu, usiku ule wa mezani. Babu alikuwa hai, mji wa tatu, na Jumatatu iliyofuata mtu aliandika maneno yaleyale ambayo yeye aliyakataa.

"Kwa nini hukuandika tu?" alisema ghafla, bila kumtazama. "Ulikuwa na kompyuta. Ungeandika tu, bila kuniuliza."

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Hasira ilimpanda, ikakuta hakuna kazi ya kufanya.

"Nilikuuliza kwa sababu ni baba yako," alisema.

Karani alitikisa kichwa kukubali. Alitikisa muda mrefu, hata baada ya muuguzi kutoka na karatasi na kusimama mbele yao.

Ofisi ya makaburi ya halmashauri ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la chuma. Mhudumu alitafuta kwenye daftari kubwa.

"Mwanamume, jina halijulikani. Namba mia mbili na kumi na mbili. Mnabadilisha kibao?"

"Tunabadilisha."

"Jaza hapa. Maneno nane, jina likiwemo. Yakizidi, fundi hachongi."

Karani alichukua kalamu. Kwa mwandiko wake mzuri wa miaka yote aliandika, "Mzazi wetu mpendwa."

"Hayo ni matatu tayari," mhudumu alisema, akiyagusa kwa kidole.

Karani aliyatazama. Kisha aliyakata yote kwa mstari mmoja. Akaandika majina matatu ya baba yake. Akasita. Akaandika, "Mkagua tiketi." Akasita zaidi, kalamu ikaacha nukta ya wino juu ya fomu, na akaandika, "Alipotea."

"Sita," mhudumu alisema. "Mna nafasi mbili."

Karani alimgeukia mkewe. Mama Pacha alifumba macho. Maneno mawili yalikuwepo, wote wawili waliyajua, lakini hayakuwa yao ya kusema.

"Ziache," Karani alisema.

Mhudumu aligonga muhuri, akachana risiti, akawaambia waitunze, maana bila hiyo mlinzi wa makaburini haruhusu mtu kuingia. Walitembea kufuata ukuta mpaka getini. Karani alikuwa ameishika risiti mkononi njia nzima, nje ya mfuko, na alipofika mbele ya mlinzi aliinyoosha kabla hajaulizwa.

Mlinzi aliipokea, akaikata pembe kidogo, akamrudishia. Karani hakuondoka. Alisimama pale na risiti yake, anamtazama mlinzi mdomoni, anasubiri. Mlinzi alikuwa amekwisha kugeukia redio yake.

"Baba Pacha," mkewe alisema. "Twende."